Uso Nilioupiga Msasa

Mpendwa Shangazi Zulma,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi saa nne asubuhi kuna mtu anakuja klabuni na chupa za dawa na pamba ili aondoe rangi yangu auone uso ulioko chini yake, na uso huo haupo, na mtu pekee anayejua kwamba haupo ni mimi.

Nianze mwanzo, usije ukaniona mwendawazimu. Mimi ni mpaka rangi wa nyumba, hapa hapa mtaani Cerro, miaka arobaini na mmoja, nimepaka shule, zahanati, ngazi za maghorofa kule ng'ambo ya ghuba, vyumba vya maharusi na vyumba vya wafiwa, na nilipostaafu mwaka jana nikapaka jiko letu mara tatu ndani ya miezi kumi, mara ya tatu bila kumwambia mke wangu, akarudi kutoka sokoni akakuta kabati la vyombo liko uani na mimi niko juu ya ngazi, akasema, "Sikiliza bwana, ama utafute pa kwenda, ama mimi nitafute pa kuishi," na kesho yake akaniandikisha kwenye warsha ya uchoraji ya klabu ya kuviringisha tufe, inayofanyika kila Alhamisi alasiri, bure kwa yeyote atakayekuja na kiti chake, kwa sababu viti vya klabu ni vya wacheza karata na hao hawainuki.

Warsha yenyewe ni ya michoro isiyo na sura ya kitu chochote. Mwalimu wetu ni Nilda Bentancor, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi na bado anatuhesabu tunapoingia, na siku ya kwanza alituambia, "Hapa hatuchori ng'ombe, hatuchori meli, hatumchori Bikira Maria. Anayetaka ng'ombe amwone Tito," na Tito Larrosa, ambaye alikuwa mchinjaji kiwanda cha nyama kabla hakijafungwa, akasimama akapiga saluti. Halafu akatufundisha ya msingi, kwamba uchague rangi tatu na moja ya nne unayoitilia shaka, kwamba usiigawe turubai ya kuchorea nusu kwa nusu, maana kosa la kila mgeni ni kupitisha mstari katikati, juu mbingu chini maji, na hapo umeshaichora ghuba hata kama hukutaka, kwamba rangi ya moto iwekwe karibu na ya baridi zigombane, kwamba ufinye macho uone uzito usione vitu, kwamba uigeuze turubai pande zote nne na ukiona farasi mahali popote umfunike, na kwamba uache kabla hujamaliza. Hilo la mwisho lilinitesa, Shangazi, kwa sababu maisha yangu yote nimelipwa nimalize.

Wiki za kwanza nilikuwa kichekesho. Nilijaza kila pembe, sikudondosha hata tone, mistari yangu ilinyooka kama fremu ya mlango, na Tito alipita nyuma yangu akisema, "Fundi, ukuta huo umebakiza mpako mmoja au miwili?" hadi Nilda akachukua kitambaa cha kufutia vyombo akanifunga mkono wa kulia kwenye kiti. "Huu umeajiriwa," alisema. "Paka kwa huo mwingine, ambao hauna bosi."

Sasa nifike kwenye kosa. Turubai mpya ni ghali, hakuna kati yetu anayeweza kununua kila mwezi, kwa hiyo mwezi wa tatu Nilda aliomba mtaani watu watoe picha zao za zamani, zile za kurithi ambazo hakuna anayezitaka, tupake juu yake. Graciela, binti wa Doña Irma, bibi mjane wa mtaa wa chini, akaleta tano kwa mpigo. Mama yake alikuwa hospitali amevunjika nyonga, na yeye alikuwa anasafisha nyumba ili kitanda cha mgonjwa kipate nafasi. Nilda akasema tuzifunike kwa nyeupe nyepesi, mpako mmoja, iliyo chini iendelee kupumua, na wenzangu wanne wakafanya hivyo palepale huku wakipokezana kibuyu cha chai ya yerba na kuongea.

Mimi nilipokea yangu nikaipitishia ukucha, rangi ikamenyuka. Shangazi, katika kazi yetu kuna sheria moja ambayo hata mlevi huijua, huwezi kupaka juu ya rangi inayomenyuka. Mpako mmoja mwembamba juu ya ukuta unaobanduka ni kazi ya matapeli. Nikaichukua turubai nyumbani bila kusema neno, nikailaza juu ya meza uani, nikaiangalia. Alikuwa mwanamume wa miaka kama hamsini, nywele za mawimbi zilizong'arishwa kwa mafuta, sikio moja kubwa kuliko la pili, koti la kahawia, mkono mmoja umelazwa juu ya meza, na nyuma yake kijani ambacho nilikitambua mara moja, ni kijani cha korido za hospitali, nimekipaka mara nyingi mno. Sikumjua. Mimi na mke wangu tulihamia mtaa huu yeye akiwa ameshakufa. Nikabandika tepu kama desturi ya wapaka rangi, maana ukiondoa rangi ya zamani huachi kila mahali patupu, unaacha kile tunachokiita dirisha, unafunika kwa tepu ya karatasi kipande chenye ukubwa wa karata ya kuchezea, pembeni, mahali pasipo na maana, ili atakayekuja baada yako ajue chini palikuwa na nini, nami nikaiweka kona ya chini kushoto, kwenye meza, kisha nikapiga msasa namba themanini, kisha mia na ishirini, taratibu nisitoboe kitambaa, kuanzia juu kushuka chini, dakika arobaini hivi. Nikapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Nikapaka nyeupe mara tatu. Alhamisi iliyofuata nilirudi na turubai laini kuliko zote, Nilda akaipapasa akasema, "Nani amekuuzia hii?" wote wakacheka.

Na juu ya hiyo, Shangazi, nilichora. Sijui nikuelezeje. Kwa mkono wa kushoto, rangi tatu, ile ya nne ya shaka ikiwa kijani kile kile ambacho kilikataa kunitoka kichwani, na siku moja nikaweka brashi chini wakati bado kulikuwa na sehemu tupu, nikajua nimeacha kabla ya kumaliza. Chini kushoto niliweka wekundu wa matofali, na kwa kuwa tepu ilikuwa bado ipo chini ya rangi, ukingo wake ulishika mwanga kidogo, na Nilda aliita watu wote. "Njooni muione kona hii," alisema. "Kona hii inajua kitu." Baada ya maneno hayo sikuibandua ile tepu. Mwezi wa tano mchoro ulitundikwa ukumbini juu ya kabati la vikombe vya ubingwa, na kwa mara ya kwanza maishani nimepaka kitu ambacho hakuna aliyekichagulia rangi. Wateja wangu wote walichagua krimu.

Doña Irma akatoka hospitali. Kitu cha kwanza alichouliza, kabla ya dawa, kabla ya fimbo, ni Casimiro yuko wapi, yaani picha ya mumewe iliyokuwa juu ya redio. Graciela alilia siku mbili kisha akaja klabuni. Nilda akatupanga kama watoto wa darasa la pili, akauliza kila mmoja chini ya yake kulikuwa na nini, mmoja akasema chungu cha maua, mmoja ng'ombe wawili, mmoja Bikira, mmoja meli, kisha wakanigeukia.

"Ya kwako, fundi?"

"Mwanamume," nikasema.

"Mwenye koti?"

"Mwenye koti."

Ukumbi wote ulipiga makofi. Tito alinibusu kichwani. "Yuko chini!" akapaza sauti. "Mzee yuko chini, amefunikwa shuka tu!" Nami nilisimama pale na kinywa changu, na hicho kinywa hakikufanya kazi. Wakati wa kusema ulikuwa ule, nusu dakika, ukapita.

Tangu siku hiyo Doña Irma huletwa kila Alhamisi na Graciela, anaketi mbele ya mchoro wangu na fimbo yake magotini, anaongea nao. Anauambia kwamba mvua imeingia jikoni, kwamba kuni zimepanda bei, kwamba Graciela anatia chumvi kama anayemwaga sakafuni. Mimi huwa niko hatua nne nyuma yake nikijifanya nasafisha brashi. Alhamisi ya pili aligeuka akaniambia, "Wewe ndiye uliyemfunika?" Nikasema ndiyo. "Umemfunika vizuri, mwanangu. Rangi hizi hazina kelele." Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, kwamba uso wa mumewe anao, anao kwenye kitambulisho, kwenye picha ya harusi, kwenye kadi ya chama cha wafanyakazi, asichokuwa nacho ni mkono. Kiwanda cha nyama kilimla vidole viwili, akaona haya miaka thelathini, picha zote alizopigwa mkono uko mfukoni, isipokuwa hiyo moja, kwa sababu aliyemchora alikuwa rafiki yake, Mlithuania mkorofi wa kiwandani, naye alimwambia, "Toa mkono, Casimiro, au nenda nyumbani."

Nilimletea andazi la mafuta, maana ilikuwa siku ya mvua, na hapa kwetu mvua ikinyesha watu hukaanga maandazi, na mke wangu alikaanga mengi. Ndilo nililoweza.

Sasa Graciela, kwa kusutwa na dhamiri, amempata fundi wa kurejesha michoro ya zamani, amefanya kazi jumba la makumbusho, atakuja Jumamosi kuondoa rangi yangu kidogo kidogo kwa pamba hadi amfikie mzee. Nilda alikuja kuniomba ruhusa, machozi yakimlengalenga, akasema anajua ananiomba nini. Nikamwambia sawa. Kila mtu ananisifu mtaani kwa moyo wangu mkubwa. Muuza nyama ameniongezea mfupa.

Shangazi, nikisema leo kwamba chini hakuna kitu, watasema nadanganya ili kuokoa mchoro wangu, na mimi mwenyewe sina hakika kama hawatakuwa wamesema kweli, kwa sababu ninaupenda. Nikinyamaza, mchoro utafutwa, na chini wataona kitambaa kitupu, na nakiri kwamba usiku na mchana nimewaza kuwa wataidhania ile dawa ndiyo iliyoharibu, na mimi nitapona. Na kuna njia ya tatu, nimwendee Doña Irma nimshauri aache kama ilivyo, kwamba dawa ni hatari, kwamba mzee amepumzika vizuri huko chini, aendelee kuja Alhamisi na kuongea naye. Si ni heri mtu aamini kuliko kujua? Ana miaka themanini na tatu. Mke wangu hajui lolote. Nishauri, na tafadhali usiandike jina langu.

Fundi Asiye na Ukuta
Cerro

Shangazi Zulma anajibu:

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilivaa miwani.

Tuanze na rahisi. Hukuua mtu. Ulipewa picha, ukaambiwa uipake, ukaipaka kwa namna uliyofunzwa na kazi yako. Anayempa mpaka rangi kitu kinachomenyuka asishangae akiona msasa. Kosa hilo ni la mkono, na la mkono husamehewa. La pili ni la kinywa, nalo ni lako peke yako. Ukumbi unapiga makofi, wewe umesimama umenyamaza, halafu Alhamisi baada ya Alhamisi unasimama nyuma ya mgongo wa ajuza ukisafisha brashi ambazo nina hakika zilikuwa safi. Na mfupa wa muuza nyama uliupokea. Natumaini supu ilikuwa tamu.

Unaniuliza kama si heri aamini. Mwulize Graciela: mama yake amelala nyonga imevunjika, watu wengine wakaamua kwa niaba yake kipi abaki nacho na kipi aondokewe nacho, kisa ni mzee na hatajua. Hivyo ndivyo Casimiro alivyotoka juu ya redio. Sasa na wewe unataka kuamua kwa niaba yake mara ya pili, tena kwa sauti ya upole. Hapana. Ana miaka themanini na tatu, amezika mume na kiwanda kizima. Anaweza kubeba habari kuliko wewe.

Na ile fikra ya kumtupia lawama fundi wa makumbusho, ambaye hajakukosea kitu na hata hujui jina lake, sitaijadili. Umeikiri, tuiache hapo. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu anayeijua kazi yake akipitisha pamba mara mbili ataona mikwaruzo ya msasa wako waziwazi kama ninavyoona mwandiko wako. Ungeumbuka Jumamosi hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Unaogopa watasema unasema ili kuuokoa mchoro. Waseme. Wengine watasema kweli nusu. Dawa ya hilo ipo, na umeniandikia mwenyewe, ila uliipitisha haraka haraka.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na watu wanaoniandikia huwa na tabia moja: jambo dogo hulipigia ngoma kurasa mbili, jambo lenyewe hulitia ndani ya sentensi ndefu, katikati, wakitumaini nitakuwa nimesinzia. Sikusinzia. Uliniambia kwamba katika picha ile mkono mmoja ulikuwa umelazwa juu ya meza. Ukaniambia kwamba tepu uliibandika kona ya chini, juu ya meza, kipande chenye ukubwa wa karata. Ukaniambia kwamba Doña Irma halilii uso, analilia mkono. Mambo matatu, Fundi, katika sehemu tatu za barua, na kati yake ukaweka kuni, chumvi na andazi. Unataka niamini kwamba mtu aliyekumbuka kijani cha ukuta hajakumbuka mkono ulilala wapi?

Nadhani ulijua. Pengine hukujiambia kwa maneno. Ulijua kama mtu anavyojua kwamba bomba linavuja nyuma ya ukuta, ndiyo maana anapita upande mwingine wa chumba. Maana kuibandua ile tepu ni kuitoboa kona ambayo mwalimu aliwaita watu waje kuiona, na umesubiri miaka arobaini na mmoja uitiwe watu. Hapo ndipo nilipokuhurumia tena, na huruma hii ni ya kweli. Lakini kona si yako. Nilda alisema inajua kitu, na kitu inachojua ni cha mtu mwingine.

Basi, sikiliza utakavyofanya. Gazeti hili linatoka Jumanne. Kesho, Jumatano, utamwambia mkeo, yeye wa kwanza, maana akilisikia dukani utarudi juu ya ngazi na safari hii kabati litakuwa juu yako. Kisha utakwenda klabuni, uutungue mchoro mwenyewe, usimtume Tito, uuchukue hadi nyumbani kwa Doña Irma. Nyumbani, si ukumbini, maana makofi mlipigiana wengi lakini hili ni la watu wawili, na Graciela akiwapo, watatu. Usipeleke andazi. Usianze na rangi ilivyokuwa ikimenyuka, hata kama ni kweli, maana atakayeanza na sababu hatamaliza na kosa. Sema, "Doña Irma, chini hakuna uso. Niliupiga msasa mimi, na nilinyamaza mlipofurahi." Halafu funga mdomo, na safari hii uwe umefungwa kwa haki. Akikufukuza, toka, uuache mchoro. Akilia, kaa. Akikupiga fimbo, una mabega.

Ukishasema hayo yote, na si kabla, mwambie kuhusu dirisha. Usimwahidi kitu. Wewe hujui chini ya tepu kuna vidole vitatu au kuna ubao wa meza mtupu, na mimi hapa nilipo sijui zaidi yako. Mwambie hivyo hivyo: huenda upo, huenda haupo. Mwambie tufungue au tusifungue, mama, neno ni lako. Huenda asitake. Huenda akasema amechoka kufunuliwa mambo. Ukisikia hivyo, utarudi nyumbani ukiwa umeinamisha kichwa, nao mchoro utabaki kwake juu ya redio, si juu ya vikombe.

Akitaka, usiibandue wewe. Hata kwa ukucha, nakujua. Tepu ya miezi minne juu ya rangi ya miaka mingi inayomenyuka, wewe unajua kuliko mimi inavyoweza kung'oka na kila kitu. Huyo mtu wa Jumamosi msimfukuze, mbadilishieni kazi tu. Alainishe gundi kwa dawa zake, polepole, na ncha ya tepu aishike Doña Irma kwa vidole vyake.

Ama mchoro wako, utakuwa na tundu la ukubwa wa karata pale palipokuwa pazuri kuliko pote. Najua litakuuma. Alhamisi iko kila wiki na una mkono wa kushoto.

Bado una siku nne, na nyumba ya Doña Irma ni mteremko mtupu kutoka klabuni, huna sababu ya kuchelewa. Utakapofika mlangoni kwake, Fundi, uegemeze mchoro ukutani, ubishe hodi, na utoe mikono mfukoni.